Mto wa Maji ya Magotini

Nilimrudisha mimi mwenyewe. Nataka hilo lijulikane kwanza, kabla sijaanza kuzunguka, maana nimesikia linavyosimuliwa huku nyumbani, kwamba mjukuu wangu alikamatwa njiani. Hakukamatwa njiani. Alikuwa ameketi jikoni kwangu, ameshaosha miguu, anakunywa maji, na mimi bibi yake nikamshika mkono nikampeleka.

Shule niliishia darasa la nne, lakini jina nikilisikia mara moja halinitoki. Wote waliopita katika nyumba ile ya Doha, miaka yote niliyokaa, nawajua kwa majina yao na ya baba zao: wapishi, madereva, wafua nguo, yule wa bustani aliyekaa wiki mbili tu. Humu sitaandika hata moja. Wengine bado wako kule, na kule jina la mtu si lake peke yake. Itoshe niseme Mama, binti, dereva, mjukuu.

Niliingia Doha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mjane wa miaka hamsini na kitu, kulea mtoto. Nyumba ilikuwa Abu Hamuri, si mbali na Mesaimeer yaliko makanisa. Mwenye nyumba wa kike tulimwita Mama, ingawa nilimzidi umri karibu miaka ishirini. Mtoto mwenyewe, yule binti, nilimpokea ana miaka sita, hajui kufunga viatu. Aliniita Khala, mama mdogo. Mimi ndiye niliyekesha naye alipougua surua, mimi niliyemsuka, na akiota ndoto mbaya alikuja kitandani kwangu kabla ya kwenda kwa mama yake.

Tulikuwa na desturi yetu mimi na yeye. Akipewa kitu cha kuhifadhi shuleni alikuja jiko la nje, kule tunakopikia vyenye harufu, akanisomea. Mimi mikono iko kwenye samaki, masikio yako kwake. Akishasoma mara mbili nimeshakishika, na akikwama namkumbusha. Sura alizihifadhi hivyo, na mashairi ya shule. Alipofika chuo hakuacha. Alisoma historia, na kila alipotakiwa kusimama mbele ya wenzake na kueleza jambo, alikuja kwanza kulieleza mbele yangu. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, nami Kiingereza sina, kwa hiyo alinigeuzia kwa Kiarabu chetu cha jikoni.

Ndivyo nilivyoujua ule mto wa Warumi. Rubikoni, ndilo jina lake, na hilo naliandika kwa kuwa ni jina la mto.

Alisema hapo zamani sana, kabla ya Mtume, kabla hata ya Nabii Isa, Warumi walikuwa na sheria. Jemadari akitumwa kutawala nchi za mbali anapewa askari, na huko aliko neno lake ni amri. Lakini akirudi kwao, akifika kwenye ule mto, lazima aache askari ng'ambo. Avuke mtu peke yake, raia kama raia mwingine. Akivuka na jeshi, hata hatua moja, amekuwa adui wa nchi yake, na wale askari waliomfuata ni maadui pamoja naye.

Nikamuuliza mto wenyewe mkubwa kiasi gani. Akacheka, akasema hapo ndipo mwalimu anapotaka jibu.

"Mdogo, Khala. Pengine maji ya magotini."

Nikamwambia huo si mto, huo ni mfereji. Kwetu Pangani mto una mamba, mtu akivuka anapewa pole.

"Ungekuwa na mamba," akasema, "sheria ya nini?"

Nilicheka mpaka kisu kikaniteleza. Ila neno lenyewe lilinikaa. Maji hayakumzuia mtu. Kilichomzuia ni kujua kwamba upande huu ni mkubwa wa watu, na upande ule, kwa miguu ileile na viatu vilevile, ni mhalifu.

Jemadari mmoja alifika hapo. Baraza la wazee huko Rumi lilikuwa limeshamwamuru aache jeshi. Akiliacha, maadui zake wanamsubiri wamburure kortini, kwa kuwa bila cheo hana kinga. Asipoliacha, ni vita na ndugu zake. Akasimama ukingoni akifikiri. Halafu akavuka, na kikosi kimoja tu, vingine vikiwa mbali nyuma ya milima. Mpinzani wake mkubwa akakimbilia ng'ambo ya bahari. Warumi wakauana wao kwa wao miaka. Jemadari akashinda, akashika kila kitu, na baada ya miaka mitano hivi wazee walewale wakamchoma visu barazani, wakiwemo aliowasamehe. Ule utawala wa baraza waliosema wanaulinda haukurudi tena, wakaja wafalme. Binti alisema ndiyo sababu mto ule mdogo unatajwa mpaka leo, na kichekesho ni kwamba mto wenyewe umepotea. Vijito viko kadhaa, maji yamehama, tope limejaa, na watu wamegombana karne kwa karne ni kipi hasa.

Mimi nilikuwa na maswali mawili. La kwanza, wale askari waliovuka naye, majina yao nani? Akaniangalia kama niliyeuliza rangi ya upepo. Hakuna aliyeandika, akasema. Nikaona vibaya. Watu maelfu wamekuwa wahalifu siku moja kwa kufuata amri ya mkubwa wao, na hakuna hata mmoja mwenye jina.

La pili niliuliza, je, angevuka, miguu ikalowa, halafu akaogopa akarudi?

Hilo halikuwa kwenye karatasi yake.

"Hakuna kurudi, Khala," akasema. "Kosa ni kuvuka. Akirudi ni mhalifu aliyerudi."

Nililihifadhi hilo pamoja na mengine. Ningeweza kulisema usingizini. Lakini mtu anaweza kukihifadhi kitu miaka na asikijue.

Sasa mjukuu. Ni mtoto wa binti yangu wa pili, na mimi ndiye niliyemwita Doha. Dada yake Mama alitaka msichana wa kazi, nikasema ninaye, wa damu yangu, ana adabu, anajua kupika. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na mtoto mchanga aliyemwachia mama yake. Niliona nimemfungulia mlango. Nyumba yake na yangu zilitengwa na mitaa minne, na ndugu hawa wawili walitembeleana, kwa hiyo nilijipa moyo kuwa nitamwona.

Kumwona nilimwona, kwenye sherehe, akibeba vikombe. Mara ya kwanza aliniambia amechoka. Mara ya pili aliniambia analala chumba cha kufulia, kati ya mashine, na mlango unafungwa kwa nje. Nikamwambia avumilie, mwaka wa kwanza ndivyo ulivyo. Mara ya tatu alikuwa na alama shavuni, na hakuniambia kitu, akapita na sinia.

Sheria ya kule wakati ule ilikuwa hivi. Aliyekuleta ndiye kafili wako, mdhamini. Pasi yako iko kabatini kwake. Huhami nyumba mpaka akuachie, hupandi ndege mpaka atie saini. Ukitoka getini bila ruhusa, naye akapiga simu kutoa taarifa, umekuwa mtoro, na mtoro anatafutwa kama mwizi hata kama hakuchukua kijiko. Hilo tulilijua sote. Tuliliimbiana kama watoto wanavyoimbiana habari za zimwi.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa tano, jua limeshaanza kukaanga, wanaume wako msikitini. Mama alikuwa amekwenda kwa mkwewe kwa chakula cha Ijumaa. Binti alibaki nyumbani kwa kuwa Jumapili, ambayo kule ni siku ya kazi, ndiyo siku yake ya kusimama mbele ya darasa na mto wake. Nilisikia geti linagongwa kwa kiganja, taratibu. Kufungua, mjukuu wangu. Kandambili, hana abaya, ushungi tu na dira la kazi, na mfuko wa plastiki.

Geti lile lilikuwa la kusukuma, linakwenda juu ya reli ya chuma iliyolala chini, upana wa vidole viwili. Alisimama nje ya reli, hakuingia.

"Bibi, kwanza niahidi," akasema. "Mimi kule sirudi."

Nikamwambia ingia, unaungua. Sikuahidi. Aliingia hivyohivyo, na nadhani alidhani kimya changu ni ahadi.

Nilimwosha miguu. Ilikuwa imetoka malengelenge. Akanieleza kuwa simu yake ilichukuliwa siku arobaini zilizopita, baada ya kukutwa anazungumza na mwanawe saa za kazi. Hajui mtoto ni mzima ama vipi. Asubuhi ile gari la kuleta maji lilipoingia, geti likawa wazi, akaona barabara. Akasema hakupanga. Aliona tu barabara, na miguu ikaenda.

Hapo dereva akaingia. Alikuwa Mkenya, mtu wa makamo mwenye mvi za masikioni, amemshusha Mama na sasa anakwenda kanisani Mesaimeer, maana kule hata makanisa husali Ijumaa, siku ya mapumziko, shati limepigwa pasi. Aliniita Shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao, na alizoea kunitania kuwa akistaafu atanioa ili ale maharage ya nazi kila siku. Siku ile alimtazama mjukuu, akatazama mfuko, hakutania. Alisema kuna kina dada wa kanisani kwao, Wakenya na Waganda, wamepanga chumba mtaa wa Najma. Watamweka mpaka Jumapili ofisi zifunguliwe, kisha yeye mwenyewe atampeleka ubalozini. Gari liko nje, linanguruma. Dakika ishirini.

Mimi nikasema hapana. Anayefichwa ni mwizi, na mjukuu wangu hakuiba.

Lazima nieleze nilivyolelewa, si kwa kujitetea. Kwetu mke akikasirika akatoka kwa mumewe, anakwenda kwa mkubwa wake: bibi, shangazi. Mkubwa anampokea, anamlisha, anamsikiliza mpaka amalize kulia. Halafu jua halizami kabla hajamrudisha. Anavaa vizuri, anabeba kitu cha kula, anampeleka kwa mkono wake, na mlangoni anasema maneno: huyu ni mtoto wenu, alikosea njia, nasi tumekuja kuomba radhi, mtunzeni. Mume akiona heshima ile, anaona haya. Bibi yangu alinirudisha mimi mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na jino limevunjika, na bado alinirudisha, na nilikaa na mume yule miaka ishirini na sita mpaka nikamzika. Hayo ndiyo niliyoyajua kuhusu mtu aliyetoka nyumbani. Sikuyajua mengine.

Nikamwambia dereva namrudisha leo hii, kwa adabu, mimi mwenyewe, na yule dada yake Mama atanionea haya uzee wangu.

Dereva akainama karibu nami kwa kuwa hakutaka msichana asikie, ingawa alisikia.

"Shosho, hii si ndoa."

Ndilo neno alilosema. Nimelirudia mara ngapi, Mungu anajua. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye hana mila, aende zake akasali. Akasimama pale kidogo akichezea funguo. Halafu akaniuliza kama nitampeleka kwa miguu kwenye jua lile, nikasema ikibidi. Akasema basi nitawapeleka, lakini siingii na nyinyi.

Nikaanza kupika kaimati. Unga nilikuwa nimeuumua tangu asubuhi, na kaimati kule wanazipenda, wana za kwao kama zetu. Nilizikaanga, mjukuu akiwa ameketi nyuma yangu. Alisema, "Bibi, uliniahidi." Nikamwambia nitazungumza nao, simu utapewa leo mbele yangu, utamsikia mwanao. Hilo nililiamini. Nilijaza sinia, nikamiminia sukari, nikatoa kanga mpya sandukuni nikamfunika nayo mabegani.

Kisha nikaenda kwa binti, ndani kwenye baridi, ana karatasi zake mkononi na midomo inacheza. Nikamweleza. Nikamwomba ampigie khala yake wa damu, yule dada yake Mama, amwambie tunakuja, tunamleta kwa heshima, asikasirike.

Alishusha karatasi. Alikuwa mtoto mwerevu, na nilimlea mimi, najua uso wake unapofikiri. Akasema, taratibu, "Khala, ameshavuka geti."

Nikasema ndiyo, lakini anarudi.

"Una hakika unataka nipige?"

Nikasema piga. Akapiga. Alizungumza maneno machache na kuitikia mengi, akikitazama kidole cha mguu. Alipokata simu nilimuuliza amesemaje, akasema amesema mleteni. Sikumuuliza zaidi, naye hakuongeza. Katika vyote nilivyompa mtoto yule kwa miaka yote ile, nilihitaji anirudishie sentensi moja tu siku ile. Alikuwa nayo. Alishaniambia nikipara samaki. Sijui kwa nini hakuirudia. Pengine alidhani nimeihifadhi, kama kawaida yangu.

Tukapanda gari. Mitaa minne. Tulipokata kona niliona gari la askari mbele ya nyumba, na moyo wangu ukasema wamekuja kwa jambo jingine. Dereva alipunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Alinitazama kwenye kioo. Bado ningeweza kusema pita. Aliniachia nafasi ya kusema, najua, maana aliendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Mimi nikasema simama hapa.

Dada yake Mama hakutoka. Hakuna hata mmoja aliyetoka. Getini walikuwa askari wawili, vijana, wana adabu. Mmoja akanisalimia kwa kunipa shikamoo zao zote, akaniuliza kama huyu ndiye.

Nikasema kwa Kiarabu safi, sinia mkononi, "Ndiye. Nimemrudisha."

Akasema Mwenyezi Mungu anilipe kheri. Wakamshika mkono, si kwa nguvu. Nikaanza maneno yangu ya mlangoni, huyu ni mtoto wenu, alikosea njia, nikayasema yote mpaka mwisho kwa geti lililofungwa, maana sikujua kufanya kingine. Taarifa ilikuwa imetolewa tangu saa nne asubuhi. Kurudi kwake hakukufuta kitu. Aliyerudi alikuwa mtoro aliyerudi.

Mjukuu hakulia. Alivua kanga mabegani akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya sinia langu. Akasema, "Umenileta wewe, Bibi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehakikisha jambo ili asije akalikosea baadaye.

Sinia nililiacha hapo getini. Sikuwa na mikono ya kulibeba tena.

Alikaa kizuizini wiki, halafu akarudishwa nyumbani na alama kwenye pasi, asiingie tena. Dereva ndiye aliyefuatilia, yeye na kina dada wa Najma. Walimpelekea nguo na sabuni. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Mama aliniambia kwa upole kuwa jambo limekwisha, na kwamba nilifanya vizuri. Jumapili binti alisimama mbele ya darasa, akasema habari za mto, akapigiwa makofi. Alirudi na keki. Aliniwekea kipande jiko la nje, akasimama mlangoni akisubiri nimwulize limekwendaje. Sikumwuliza. Hakuja tena kunisomea, nami sikumwita.

Wiki ile ile sinia langu lilirudi. Kule kama kwetu, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Lilikuwa limeoshwa, limefunikwa kwa karatasi ya kung'aa, limejaa tende nzuri, laini. Kanga ilikuwa chini yake, imefuliwa na kupigwa pasi. Sikuzila tende. Wenzangu walizila, wakasema ni tamu.

Nilikaa Doha miaka mingine minne. Watu huniuliza huku, mbona hukuondoka. Kuondoka nako kulitaka saini.

Sasa nimerudi. Binti yangu, mama wa mjukuu, nilimkuta mgonjwa na nikamzika mwaka uleule. Kwenye matanga mjukuu alikaa upande wa pili wa mkeka, akihudumia watu wote, na chai yangu aliniletea mtu mwingine. Nilingoja arobaini ipite, nikamfuata anakoishi, Muheza, bila kutoa taarifa, na kanga ileile mfukoni.

Alinifungulia. Akaniambia shikamoo, nikaitika marahaba. Akanipa kigoda, maji ya kunywa, akaniuliza safari. Niliitoa kanga nikaiweka mbele yake, nikamweleza niliyokuja kusema, yote, mpaka neno la dereva, mpaka mto. Alisikiliza akichambua mchicha. Nilipomaliza aliosha mikono, akajifuta, akasema jua litanikuta njiani.

"Twende, Bibi. Nikurudishe."

Alinichukulia mfuko. Alitembea nami mpaka barabarani, upande wa kivuli aliniachia mimi, na gari lilipokuja alimwambia kondakta huyu ni bibi yangu, mshushe taratibu. Adabu zote. Nilipoketi dirishani nilimwita kwa jina lake, lile nililompa mimi siku ya saba. Alikuwa ameshageuka. Nilipofungua mfuko nyumbani, kanga ilikuwemo, imekunjwa mara mbili.